Tangazo la Afisa Mawasiliano: haya maneno yametoka wapi?

Najua nimekuwa kimya, lakini wanaoijua kalenda ya chuo watanielewa. Mwaka wa tatu, muhula wa mwisho, watu wanapiga msuli mpaka usiku wa manane, na wakati huo huo kila mtu anasaka kazi. Ukipita kwenye vimbweta siku hizi utakuta nusu ya watu hawasomi noti, wanasoma matangazo ya kazi kwenye simu.

Leo naomba tuongee historia. Msikimbie! Si ya mfalme fulani wala ya vita vya miaka mia. Ni historia ya maneno yaliyomo kwenye tangazo la kazi.

Ilikuwa hivi. Dada mmoja wa mwaka wetu, yeye anachukua isimu na fasihi, aliniletea tangazo la shirika linalotafuta Afisa Mawasiliano. Ukurasa mmoja na nusu, Kiingereza kitupu. Akasema, "Kaka, nimelisoma mara tatu. Kila neno peke yake nalijua. Lakini yakikaa pamoja sijui wanataka nifanye nini."

Sasa huyu dada ni mtu aliyeendesha gazeti la ukutani tangu sekondari. Akiandika tangazo la mkutano wa kitivo, watu wanakuja. Kazi anaiweza kabisa. Kinachotaka kumkwamisha mlangoni ni msamiati tu, na nadhani kuna wengi kama yeye, hasa sisi tuliotoka shule za kata ambako hatukuwa na mjomba ofisini wa kutufafanulia. Halafu kila siku naulizwa, "Historia utaifanyia nini?" Basi nikasema ngoja niifanyie hii kazi.

Tukaligawa tangazo neno kwa neno. Swali letu lilikuwa moja: nani alilihitaji hili neno kwanza, na alikuwa na shida gani?

Tuanze na lile lililoandikwa kwa herufi nzito chini kabisa, "deadline", yaani siku ya mwisho ya kupokea maombi. Kila mtu chuoni analitumia, hata anayeongea Kiswahili cha Tandale atakwambia "dedilaini ya asaimenti". Asili yake inatisha. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, majimbo ya kusini yalikuwa na kambi ya mateka huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ukuta wa magogo kulikuwa na kijiuzio chepesi cha mbao, mita chache kutoka ukutani. Mateka akikivuka, au hata akinyoosha mkono tu, mlinzi anampiga risasi. Huo ndio ulioitwa mstari wa kifo. Mateka kama 45,000 walipita kwenye kambi ile na karibu 13,000 walifia humo, wengi kwa maradhi na njaa. Mkuu wa kambi, Henry Wirz, alinyongwa Novemba 1865.

Mwanzoni mwa karne ya 20 waandishi wa magazeti wa Marekani wakalichukua neno hilo kwa saa ambayo habari ikichelewa haiingii gazetini. Kwa hiyo neno limekuja kwenye kazi za mawasiliano kupitia chumba cha habari. Kwenye tangazo wakiandika kwamba uweze kufanya kazi chini ya "tight deadlines", wanaongea lugha ya magazeti. Wanauliza: habari ikitokea saa tisa mchana, saa kumi na moja utakuwa umeshaandika kitu cha kusomeka? Hilo dada yetu amelifanya mara nyingi tu, ila hakujua kwamba ndilo linaloulizwa.

Neno la pili ni cheo chenyewe. Hapa kwetu utakutana na majina matatu: Afisa Habari, Afisa Uhusiano na Afisa Mawasiliano. Wengi tunadhani ni kitu kimoja. Kazi zinafanana, ni kweli, lakini kila jina lina ukoo wake.

Mdogo wao kwa maneno na mkubwa kwa umri ni habari. Kazi ya mtu wa habari ni kutoa: serikali imesema hivi, bei ni hii, mkutano ni tarehe fulani. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na mkondo ulikuwa huo wa juu kwenda chini, ingawa wasomaji nao walikuwa wakituma barua na mashairi yao. Hata leo ukisoma tangazo la serikali la Afisa Habari Daraja la II, limeandikwa kwa Kiswahili na majukumu yake ni ya vitendo: kukusanya na kuandika habari, kuandaa picha za maonyesho, kuandaa majarida na mabango. Unajua kabisa asubuhi utashika nini mkononi.

Uhusiano una hadithi ndefu zaidi, na ndiyo iliyonishika. Mwaka 1622 Papa Gregory wa 15 aliunda idara ya kueneza imani Katoliki, na katika jina lake la Kilatini kulikuwa na neno propaganda. Wakati ule halikuwa tusi. Lilimaanisha kueneza tu, kama mkulima anavyoeneza mbegu. Likaendelea hivyo mpaka vita vikuu vya kwanza. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 iliunda kamati ya habari kwa umma, iliyojaza nchi mabango, filamu na wasemaji wa kuhamasisha watu. Nchi nyingine zilizopigana nazo zilifanya ya kwao. Vita vilipokwisha na watu wakaanza kugundua walivyodanganywa, neno propaganda likanuka.

Kijana mmoja aliyefanya kazi kwenye kamati ile, Edward Bernays, mpwa wa yule daktari maarufu wa akili Sigmund Freud, aliona kwamba ufundi uliotumika vitani unaweza kutumika wakati wa amani. Shida ilikuwa jina tu. Akajiita mshauri wa uhusiano na umma. Mwaka 1923 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo na akaifundisha Chuo Kikuu cha New York. Yeye mwenyewe baadaye alisimulia bila aibu kwamba alitafuta jina jingine kwa sababu propaganda lilishaharibika. Mwaka 1929, akifanya kazi ya kampuni ya sigara, alipanga wanawake waandamane New York siku ya Pasaka wakivuta sigara hadharani, magazeti yakaandika kana kwamba ni harakati za uhuru wa wanawake. Sigara zikapewa jina la mienge ya uhuru. Mnaona jinsi neno linavyofanya kazi?

Sasa nilipomweleza dada haya akauliza, "Kwa hiyo naomba kazi ya uongo?" Nikamwambia subiri, kuna mtu mwingine.

Huyo ni Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuhamia upande wa pili. Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City. Walikufa watu zaidi ya 50. Desturi ya kampuni za reli wakati ule ilikuwa kuficha ajali kwa kadiri zilivyoweza. Lee, aliyekuwa akiihudumia kampuni hiyo, alifanya kinyume. Aliandika maelezo ya kilichotokea akayagawa kwa waandishi, na waandishi wakasaidiwa kufika eneo la ajali. Gazeti la New York Times lilichapa maelezo yake kama yalivyo. Wengi huihesabu ile kuwa ndiyo taarifa kwa vyombo vya habari ya kwanza ya aina tunayoijua leo, ile ambayo kwenye tangazo wanaiita "press release". Ilizaliwa siku watu walipokufa na kampuni ikaamua kusema.

Lakini ngoja. Miaka minane baadaye, tarehe 20 Aprili 1914, huko Ludlow, Colorado, wachimba makaa ya mawe waliokuwa kwenye mgomo walishambuliwa na askari wa jimbo na walinzi wa kampuni katika kambi yao ya mahema. Mahema yakachomwa moto. Watoto 11 na wanawake wawili walikosa hewa wakafa ndani ya shimo walimojificha. Kampuni ile ilikuwa chini ya familia ya Rockefeller, na waliyemwajiri kuisemea ni Ivy Lee yule yule. Akatoa mfululizo wa vipeperushi vilivyoitwa vya ukweli, ila baadhi ya mambo yaliyomo hayakuwa kweli, pamoja na mishahara ya viongozi wa chama cha wafanyakazi iliyotiwa chumvi vibaya. Alipohojiwa na tume ya serikali mwaka 1915 alikiri kwamba alichapa alichopewa na kampuni bila kuhakiki. Mwandishi Upton Sinclair akampachika jina la Poison Ivy, kwa jina la mmea unaowasha.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada lilikuwa hili: mtu ni mmoja, ufundi ni mmoja, karatasi ni ile ile. Mara ya kwanza alikuwa na ruhusa ya kusema kilichotokea. Mara ya pili alipewa karatasi akaigonga mhuri. Ukiona kwenye tangazo "crisis communication", yaani mawasiliano wakati wa janga, ujue wanakuuliza utafanya nini siku treni ikitumbukia. Na wewe una haki ya kujiuliza kama hao wenyewe watakuruhusu kuhakiki.

Jina la tatu, mawasiliano, mimi nalipenda kuliko yote, na hapa Kiswahili kimetuzidi akili. Wasili ni kufika. Wasiliana ni kufikiana, mimi nikufikie na wewe unifikie. Ile -ana ya mwisho ndiyo yenye kazi. Ukituma vipeperushi 5,000 na hakuna aliyekujibu, umetuma vipeperushi, hujawasiliana na mtu. Dada wa isimu alifurahi hapo, akasema hili ningeweza kuliandika kwenye barua. Nikamwambia liandike!

Twende haraka kidogo. "Stakeholder engagement". Zamani Waingereza walimwita hivyo mtu anayeshika fedha za watu wawili waliowekeana dau, mpaka mshindi ajulikane. Mwaka 1963 taasisi ya utafiti ya Stanford, Marekani, ililitumia kwa makundi ambayo yakiondoa mkono wao shirika linakufa: wafanyakazi, wateja, wakopeshaji, jamii. Mwaka 1984 profesa R. Edward Freeman akaliandikia kitabu na likasambaa dunia nzima. Sisi tunasema wadau, na ukilitazama vizuri lina dau ndani yake! Enzi za blogu za miaka ya 2000 kila msomaji aliitwa mdau, nami bado nawaita hivyo. Maana yake kwenye kazi ni rahisi: nani ana dau lake hapa, na umeshaenda kuongea naye? Ukiandika kwamba ulipoandaa kongamano uliongea na mlezi wa chama, walinzi, mama lishe wa pale nje na wanafunzi wa bweni la jirani waliochoshwa na kelele, umejibu swali lote bila hata kulitaja hilo neno.

Halafu kuna kundi la maneno ya kijeshi. "Campaign", "strategy", "target". Kampeni asili yake ni Kilatini, campus, uwanja wa wazi. Jeshi likitoka kambini kwenda kupigana uwandani, hiyo ni kampeni. Na ndiyo kampasi hii hii tunayoishi, neno moja! Stratejia ni ya Kigiriki, kutoka kwa strategos, jemadari. Na "target" ilikuwa ngao ndogo kabla ya kuwa shabaha. Kwa hiyo tangazo likikutaka uandae mkakati wa kampeni kwa kundi lengwa, linakutaka useme vitu vitatu: unataka nini kibadilike, utaanza wapi na kumalizia wapi, na unaongea na nani. Angalizo langu ni moja tu. Kiswahili kina walengwa na kina hadhira. Mlengwa anapigwa shabaha, hana la kusema. Hadhira ni watu waliohudhuria, wapo mbele yako, wanaweza kuguna au kuondoka. Ukiandaa kitu, wafikirie kama hadhira.

Neno lililomtisha dada kuliko yote lilikuwa "social and behaviour change communication". Maneno matano kwa jambo moja! Mawasiliano ya kubadili tabia. Akasema, "Hili sijawahi hata kulisikia." Nikamuuliza, nyumbani kwenu hawajawahi kukusimulia Mtu ni Afya?

Mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya afya kwa redio, majuma 12, iliyoitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa katikati ya mpango huo. Watu walijiunga katika vikundi vijijini. Kila juma kikundi kinasikiliza kipindi cha Redio Tanzania, kinasoma sura ya kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kinajadili, halafu kinaamua kitu cha kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa na washiriki walifikia kama milioni mbili. Kabla yake kulikuwa na kampeni ndogo, Uchaguzi ni Wako ya mwaka 1970 na Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, na baadaye ikafuata Chakula ni Uhai mwaka 1975.

Angalieni mpangilio wake. Kusikiliza, kusoma, kujadili, kutenda. Redio peke yake ingetoa habari tu. Kile kikundi cha chini ya mwembe ndicho kilicholeta ile -ana. Hakuna aliyekuwa na tovuti wala sijui hashitegi. Kwa hiyo nikamwambia dada, ukiulizwa kwenye usaili kuhusu mawasiliano ya kubadili tabia, usiogope, anzia Mtu ni Afya. Nchi yako ilifanya kwa ukubwa huo wakati wazazi wako hawajaoana.

Mwisho kuna "deliverables" na "logframe". Hivi ni vya wafadhili. Logframe ni jedwali lililotengenezwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, ambalo lilikuwa na miradi mingi mno na haikuwa rahisi kujua upi umefanikiwa. Jedwali linapanga lengo, matokeo, kazi, na ushahidi wa kuonyesha kwamba kazi imefanyika. USAID yenyewe ilifungwa mwaka 2025, na miradi yake ilipokatwa, nafasi nyingi kwenye mashirika ya hapa nyumbani zilikwenda nayo, ndiyo maana mbanano wa sasa ni mkubwa hivi. Lakini jedwali limebaki, wafadhili wengine wanalitumia. Deliverable ni kile utakachokabidhi mkononi: makala nne, picha ishirini, ripoti moja. Wakikuuliza hapo, taja vitu vinavyohesabika.

Baada ya hapo tulifuta rasimu yake ya kwanza ya barua. Ilikuwa imejaa yale yale maneno ya tangazo, kama mwangwi. Ana uwezo mkubwa wa hiki, ana shauku ya kile. Tukaweka kanuni: kila neno la tangazo lijibiwe kwa kitu alichokifanya, lini, na watu wangapi walifikiwa. Gazeti la ukutani: matoleo mangapi, nani alihariri. Kongamano: nani alialikwa, nani alikataa na alishawishiwaje. Jina la neno lao tuliliweka mara moja tu kila aya, ili anayepanga barua mezani aone kwamba mwombaji anajua swali ni lipi. Maana tusidanganyane, wanaopitia barua mia mbili wanatafuta yale maneno. Ukiyaacha kabisa unaweza kuachwa hata kama kazi unaiweza, na hilo kwa kweli si haki, lakini ndivyo mlango ulivyo.

Ameshatuma, siku mbili kabla ya ule mstari. Bado hawajajibu.

Akiitwa, kuna swali moja nimemwandikia kwenye karatasi alibebe, la kuuliza pale wasaili wanaposema "una swali lolote kwetu?" Badala ya kuuliza mshahara kwanza, aulize: siku jambo baya likitokea hapa, nani anaidhinisha taarifa, na mimi nitapewa nafasi ya kuhakiki kabla haijatoka? Wakikunja uso, atajua anaajiriwa kwa ajili ya Ludlow. Wakimjibu vizuri, basi huenda ni Atlantic City, na hapo kazi ya namna hii naona mtu anaweza kuifanya akalala usingizi.

Haya wadau, mwenye tangazo lenye neno lililomshinda alilete tulichambue pamoja. Wa sayansi nanyi msijitenge, maneno yenu ndiyo magumu zaidi. Mimi nakimbilia maktaba, jumatatu nina UE na huyo mwalimu hana utani na dedilaini.